Turubai la mpakani: kufunga si mwisho wa kazi

Msafiri afikaye Busia alasiri ya mwezi wa Aprili aghalabu huliona wingu kabla hajauona mji. Hutanda jeusi, na upepo wa baridi hulitangulia ukipeperusha vumbi la barabarani. Wachuuzi hukusanya bidhaa zao wakakimbilia vibandani, na waendesha bodaboda hutafuta baraza ya kujibanza. Lakini wako watu ambao saa hiyo hawakimbii, bali ndipo hupanda. Hupanda juu ya shehena za malori yaliyojipanga kungoja forodha, wakavuta kamba hapa, wakalegeza pale, wakakunja pembe ya turubai iliyoanza kupigapiga. Hao ni utingo, wasaidizi wa madereva. Tumeona yafaa tuieleze kazi yao hii moja, ya kufunika mzigo, kwa kuwa wengi wetu tulao ugali hatujapata kujiuliza mahindi yake yalivukaje mpaka pasipo kulowa.

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili, kwa kuwa mpaka wa Kenya na Uganda unapita katikati yake. Kaskazini yake uko Malaba, nao vile vile una upande wa huku na upande wa kule, na Malaba ya Uganda imo katika Wilaya ya Tororo. Hata Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya Tororo mpaka mwaka 1997 ilipofanywa wilaya peke yake. Nchi yote hii hunyeshewa sana. Ziwa Viktoria liko jirani, mlima Elgon uko upande wa pili, na mvua za radi ni jambo la kawaida. Hesabu moja inayotajwa mara kwa mara, ya miaka ya 1967 hadi 1976, inasema kwamba Tororo ulisikia ngurumo kwa wastani wa siku 251 katika mwaka. Basi anayepitisha shehena katika nchi kama hiyo asijidanganye kwamba atabahatika kupita kati ya mvua mbili.

Ni kweli kwamba mzigo mwingi utokao bandari ya Mombasa siku hizi husafiri ndani ya kontena, na kontena halihitaji turubai. Lakini mahindi na maharagwe ya Uganda yanayoteremka kwenda masoko ya Kenya hupakiwa katika magunia juu ya matela ya wazi. Saruji nayo, ambayo Tororo umekuwa ukiitengeneza tangu miaka ya 1950, husafiri katika mifuko ya karatasi, na mfuko wa saruji uliolowa haurudi kuwa saruji tena. Huwa jiwe lisilo na kazi. Mbolea, sukari na mchele hali ni hiyo hiyo. Kwa bidhaa hizi zote, kati ya mali ya mtu na mbingu pana kitambaa tu.

Kitambaa hicho tunakiita turubai, neno tulilolichukua kwa Waingereza, nao walikuwa wakimaanisha nguo nzito ya meli iliyopakwa lami. Wenzetu wa pwani walikuwa na chandarua lao la kujikinga na jua tangu zamani, lakini hilo lilikuwa la kivuli na starehe. La lori halina starehe.

PUNJE ZINAZOPIMWA

Hasara ya mahindi yaliyolowa haionekani siku hiyo hiyo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kipimo cha ubora kinachotumika katika Afrika Mashariki kinataka mahindi yasiwe na unyevu unaozidi asilimia 13.5, na sumukuvu yote isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Ofisa hulichoma gunia kwa bambo, akatoa punje chache, akazipima. Kikizidi kipimo, shehena yote yaweza kuzuiliwa, hata kama gunia lililochomwa ndilo pekee lililokuwa chini ya tundu.

Hebu tupige hesabu ndogo. Magunia 10 ya kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 13 yana kilo 130 za maji ndani ya punje zake. Yakiingiwa na lita 40 tu, yaani ndoo mbili za maji ya mvua, unyevu huo hupanda ukapita asilimia 16. Ndoo mbili si kitu kwa mvua ya huko. Hupita katika tundu moja lenye upana wa kidole gumba, huku dereva akinywa chai na kungoja zamu yake. Magunia yale yakikaa siku kadhaa katika joto la chini ya turubai, kuvu huota, na kuvu ndiyo itoayo sumu ambayo haiondoki kwa kupika.

Hilo si jambo la kudhania. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Sumu ile haikutokana na malori. Ilitokana na mahindi yaliyowekwa majumbani yakiwa na unyevu. Hata hivyo kuvu haichagui kati ya ghala na tela. Kisha tarehe 5 Machi, 2021, Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu. Baada ya siku chache biashara iliruhusiwa tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi ile sehemu 10 katika bilioni. Tangu hapo mfanyabiashara wa Busia anajua kwamba turubai bovu laweza kumharibia cheti alichokilipia.

KUTANDAZA

Watu wengi hudhani kwamba kufunika lori ni kutupa nguo juu na kufunga kamba chini. Kama ingekuwa hivyo, tusingekuwa na habari ya kuandika. Kazi huanza kabla turubai halijakunjuliwa, nayo huanza katika upakiaji.

Tela lina upana wa karibu mita 2.5. Kama magunia yamepangwa yakawa tambarare juu, turubai nalo litakuwa tambarare, na maji yatakaa. Kwa hiyo mpakiaji mwenye akili huweka safu moja ya magunia katikati, kuanzia mbele hadi nyuma, kama mgongo wa paa. Gunia lililolala huinua kimo kwa sentimita 20 au 25. Kutoka katikati hadi ukingoni ni mita moja na robo, basi mwinamo unaopatikana ni wa karibu moja kwa tano. Mwinamo huo watosha. Maji hayatapata pa kutulia, nayo yatateremka pande zote mbili kama juu ya nyumba ya bati.

Asiyeweka mgongo huo hupata dimbwi. Dimbwi lenye urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na kina cha sentimita 15 ni lita 300, yaani kilo 300 zinazoning'inia juu ya nguo. Nguo hunyooka, kina huongezeka, maji zaidi hukusanyika, na mwisho mishono huachia. Isitoshe, uzito huo hupimwa barabarani pamoja na mzigo. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari haikubali zaidi ya tani 56 kwa gari zima, na kila ekseli ina kiwango chake. Dereva aliyepakia hadi mwisho wa ruhusa asingependa kuadhibiwa kwa maji ya mvua.

Sasa turubai lenyewe. Tuseme shehena ina kimo cha mita mbili na urefu wa mita 12.5. Nguo ya kuifunika yote hadi chini, pamoja na kipande cha kupita ukingo wa tela, yahitaji upana wa mita 7 na urefu wa mita 16.5. Hizo ni mita za mraba zaidi ya 115. Turubai zuri la kitambaa kilichopakwa plastiki nzito huwa na gramu 650 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo nguo nzima ni kilo 75, sawa na mtu mzima aliyeshiba. Kuipandisha juu ya magunia, tena upepo ukivuma, ni kazi ya watu watatu. Ndiyo sababu wengi hutumia maturubai mawili mafupi, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika.

Mawili yakitumika, la nyuma hutandazwa kwanza, na la mbele hulazwa juu yake, yakapandana kwa mita moja au zaidi. Ni kanuni ile ile ya mwezekaji wa makuti aanzaye chini akapanda juu. Lori likienda mbio, upepo hupita juu ya kiungo bila kuingia. Yakipandanishwa kinyume, mdomo wa kiungo huutazama upepo, nao huwa kama mfuko uliofunguliwa.

Sisi wenyewe tuliwahi kulipia somo hilo. Miaka iliyopita tuliungana na jamaa watatu kusafirisha magunia 40 ya maharagwe kutoka Tororo, na kwa haraka ya kuwahi mpaka hatukutazama nguo zilivyopandana. Mvua ilinyesha usiku, shehena ilikuwa tambarare, na dimbwi likajikusanya mbele ya kiungo bila mtu kulijua. Asubuhi dereva alipong'oa gari, maji yote yalirudi nyuma kwa pamoja, yakaingia katika ule mdomo uliokuwa ukiyangoja. Tulipofungua siku tatu baadaye, magunia sita yalikuwa yameanza kuota. Jamaa mmoja alitushauri tuyapande tu maana kazi nusu imekwisha fanyika. Hatukucheka siku ile.

Pembe nazo zina adabu yake. Hukunjwa kama bahasha, na mkunjo hulazwa ukielekea nyuma ili upepo uulaze badala ya kuuinua. Mahali ambapo nguo hugusa chuma chenye makali, kama ncha ya nguzo ya tela au bawaba ya mlango, huwekwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu lililokwisha kazi. Bila mpira huo, mtikisiko wa njia hulisaga turubai mahali pamoja kutwa nzima, na ifikapo jioni tundu limekwisha patikana. Mafundi wa kushona maturubai watakuambia kwamba viraka wanavyobandika si vya miiba wala visu, ila vya kusagika. Nao wakibandika kiraka juu ya plastiki hukikata pembe zake ziwe mviringo, kwa maana pembe kali ndiyo ianzayo kubanduka. Husafisha na kukausha mahali hapo kwanza. Kiraka kilichobandikwa juu ya unyevu hakimalizi wiki.

KAMBA NA HALI YA HEWA

Tulikaa saa nyingi mahali pa kuegesha magari upande wa Uganda tukitazama lori moja la mahindi likifunikwa. Dereva alikuwa mtu wa makamo, na utingo wake kijana ambaye bila shaka hakuwa na miaka ishirini na mitano. Kijana alifunga kamba kwa namna inayofaa kuelezwa. Katikati ya kamba hufanya kitanzi kidogo. Ncha huipitisha chini ya kulabu ya tela, akairudisha juu, akaipenyeza kitanzini, kisha akavuta kuelekea chini kwa uzito wa mwili wake wote. Kwa hesabu ya vitabuni namna hiyo hugeuza nguvu ya mtu mmoja ikawa ya watatu, ingawa msuguano wa kamba hula sehemu yake. Alipokwisha alishuka, akapangusa mikono, akaegemea gurudumu.

"Umemaliza, kijana?" dereva aliuliza.

"Nimemaliza, mzee."

"Hujamaliza. Ngoja jua lipande, kisha uzunguke tena."

Tuliposikia hivyo tulidhani ni ukali wa bure wa mkubwa kwa mdogo. Saa sita mchana tulifahamu. Turubai la plastiki, likipigwa na jua, huongezeka na kulegea. Asubuhi lililokuwa kama ngozi ya ngoma, mchana lilikuwa limetepeta. Nguo iliyolegea ndiyo ipigayo kelele barabarani, na kila pigo huvuta mishono na macho ya turubai, yaani yale matundu yenye pete za chuma yapitishwapo kamba. Jioni baridi ikiingia, nguo hujivuta. Aliyeikaza kupita kiasi mchana atakuta usiku pete zimeng'oka.

Kamba nazo zina tabia zake, tena hazifanani. Kamba ya katani ikilowa hunenepa na kufupika, hivyo hujikaza yenyewe, ikikauka hulegea. Kamba ya nailoni hufanya kinyume, kwani ikilowa hunyooka. Mtu aliyezoea katani akipewa nailoni huamini mvua itamkazia mzigo, kumbe inamlegezea. Na turubai la zamani la pamba lilikuwa na ajabu yake lenyewe: nyuzi zake zikilowa huvimba zikaziba vitundu, lakini ukiligusa kwa ndani wakati wa mvua, maji hufuata mahali ulipogusa yakaanza kudondoka. Ndiyo sababu magunia hayakuruhusiwa kuligusa ovyo.

Kwa hiyo mwenye kujua kazi hukaza kidogo, akaenda, akarudi, akakaza tena. Baada ya kilomita chache za kwanza husimama pembeni na kuzunguka gari, kwa sababu magunia yamekwisha kujikalisha na shehena imeshuka kwa vidole kadhaa. Mvua ikikatika huzunguka tena. Tulihesabu: tangu asubuhi mpaka jua kuchwa kijana yule alilizunguka lori mara saba, na lori lenyewe halikusogea hata mita mia mbili.

Yako siku hizi matela yenye turubai la kuteleza. Nguo hushikwa na matao ya chuma, na matao hutembea kwa magurudumu madogo juu ya reli mbili za kando, hata nguo ikajikunja mbele kama kinanda cha mkono. Mtu mmoja huifunga kwa dakika chache, akisimama chini. Ni kitu kizuri, lakini nacho hakikuondoa marekebisho, kimeyabadili tu. Tela likijazwa sana, kuta zake hutoka tumbo, reli hupanuka, na tao la katikati hukwama. Waya wa upande mmoja ukiwa mfupi kuliko wa pili, matao hukaa mshazari kama meno mabovu, na nguo huacha pengo katika pembe. Dawa yake ni kulegeza waya wa upande uliotangulia, si kuvuta kwa nguvu ule uliochelewa, kama tulivyoona wengi wakifanya.

Tumepata kujua kwamba hata Marekani, ambako watu hukokota nyumba nzima za matembezi nyuma ya magari yao, tatizo ni hilo hilo. Baadhi ya nyumba hizo zina chumba kinachosukumwa nje ubavuni wakati wa kupiga kambi, na juu ya chumba hicho nguo hujikunjua kutoka kwenye mrija wenye springi, kisha hujikunja tena wakati wa kuondoka. Springi ikilegea, nguo hubonyea katikati na maji hujaa. Ikikazwa mno, nguo huchanika. Wenye nyumba huinamisha upande mmoja maji yaondoke, au huingiza kitu chini ya nguo kuiinua. Yule wa Busia atumiaye safu ya magunia angewaelewa mara moja, ila yeye hayuko matembezini.

LAKIRI

Kuna jambo moja ambalo mwenye nyumba ya matembezi hana, nalo ni forodha. Maofisa wa mpakani hawalitazami turubai kwa jicho la mvua. Wao hutazama kitu kinachoweza kufichwa chini yake, wala hatuwalaumu, kwa maana mpaka huu una historia. Baada ya jalidi kuangamiza mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa kupanda sana duniani, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magendo kwenda Kenya kwa wingi, na soko la Chepkube likapata sifa iliyobaki mpaka leo. Mwaka 1977 Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilivunjika, na ukaguzi ukazidi kuwa mkali.

Shehena ipitayo nchi moja kwenda nyingine pasipo kulipiwa ushuru njiani hutiwa lakiri. Kwa lori la turubai, namna inayojulikana duniani ni hii: kamba moja ndefu hupitishwa katika kila jicho na kila pete kuzunguka tela lote, ncha zake mbili zikakutana mahali pamoja, na hapo lakiri ikafungwa. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1975 juu ya usafirishaji wa aina hii yametaja hata vipimo. Pete zisiachane kwa zaidi ya milimita 200, isipokuwa kwenye nguzo ambapo pengo laweza kufika 300. Nguo ishuke chini ya ukingo wa tela kwa milimita 250 angalau. Na kamba, kama ni ya chuma, isiwe nyembamba kuliko milimita 3, nayo yaweza kuvikwa plastiki inayopenyeza macho. Plastiki hiyo huwekwa ili ofisa aone kama kamba imekatwa na kuungwa.

Kila aliyetusoma mpaka hapa ameshaona ugumu. Turubai lataka kurekebishwa mara saba kwa siku. Lakiri yataka turubai lisiguswe. Dereva akiona mvua inaingia katika shehena iliyotiwa lakiri, hana ruhusa ya kufungua, na akifungua aweza kushitakiwa. Asipofungua, mwenye mali atamdai yeye.

Ugumu huo ulionekana wazi mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, madereva walipongojea majibu ya vipimo na foleni za Malaba na Busia kurefuka makumi ya kilomita. Watu walikaa siku nyingi barabarani katika majira ya mvua. Wenye kontena waliteseka kwa njaa na usingizi. Wenye turubai waliteseka kwa hayo na zaidi, kwa kuwa chini ya plastiki iliyofungwa siku nyingi mzigo hutoa jasho. Mchana nafaka hupata joto na kutoa mvuke. Usiku mvuke huo hugusa nguo iliyopoa, ukageuka matone, ukarudi juu ya magunia ya juu. Mvua haikuingia hata kidogo, na bado magunia yamelowa.

Kwa nafaka isiyotiwa lakiri, dawa yake ni rahisi: saa ya jua upindo wa nyuma na wa mbele huinuliwa ili hewa ipite, na kati ya nguo na magunia huachwa nafasi kwa kulaza fito juu ya ule mgongo. Kwa iliyotiwa lakiri, yote hayana budi kufikiriwa kabla. Waliobobea hutenganisha kamba mbili. Ya forodha hupita katika macho yake na haipewi kazi ya kukaza. Ya kukaza, au mikanda yenye meno ya kukazia, hupita juu ya turubai lote kutoka kulabu hii hadi ile, nje ya lakiri. Hivyo utingo aweza kukaza na kulegeza njia nzima, na lakiri ikafika salama. Wale waliofunga kwa kamba moja tu, ya lakiri, hawana cha kurekebisha isipokuwa maombi.

Haki yataka tuseme kwamba mambo yamepungua uzito. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa nchi mbili mwezi wa Februari, 2018. Hapo gari husimama mara moja tu, katika nchi liingiayo, na maofisa wa pande zote mbili hulikagua pamoja. Zamani lilikaguliwa kwanza upande mmoja, likafungwa, likavuka, likafunguliwa tena. Kila ufunguzi ulikuwa saa nzima ya jasho, na nguo iliyofungwa mara ya pili kwa hasira haikai kama ile ya kwanza. Tena tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa mitambo, na lakiri yenye mtambo hutoa habari yenyewe ikiguswa. Hiyo humsaidia ofisa. Haimwambii dereva kwamba pembe ya nyuma imevuja.

Kuhusu malipo tutasema machache. Utingo wengi hulipwa kwa safari, na aghalabu mkono wa dereva ndio uwapao. Magunia yakilowa, kukatwa huanzia kwao. Tuliona jambo hilo haliwi na uzani sawa, maana aliyeamua kupakia tambarare ni mwenye mali aliyetaka magunia mengi zaidi, na aliyenunua turubai jepesi la buluu, lile linalopasuka kwa jua baada ya miezi michache, ni mwenye gari. Kijana alipewa kamba tu.

Usiku ule mvua ilinyesha kama ilivyoahidi. Tulilala katika nyumba ya wageni iliyo karibu na tukaisikia juu ya bati mpaka karibu na alfajiri. Asubuhi tulirudi. Kijana alikuwa juu ya shehena, amevua viatu ili asitoboe nguo, akisukuma kwa fimbo maji kidogo yaliyosalia katika bonde la mkunjo. Kisha aliinua upindo wa nyuma, akaingiza mkono hadi begani kati ya nguo na magunia, akaupapasa mstari mzima wa juu.

"Vipi huko?" dereva aliuliza kutoka chini.

"Pakavu, mzee. Gunia moja la pembeni lina jasho."

"Litoe, ulianike. Bambo lisije likalikuta."

Walilishusha, wakalifungua mdomo, wakatandaza punje zake juu ya turubai bovu lililokuwa chini ya tela, na kijana akakaa kando yake na shazia na uzi, akingoja jua.